Njia Kukutana

Mchana nakaa mnarani Kilindini, nahesabu meli.
Usiku nakaa Tudor, chumba cha juu, nahesabu mawe.
Anga yenyewe sijaiona siku nyingi: taa za bandari
zimeipaka weupe wa maji ya mchele.
Naletewa picha za darubini iliyo jangwani, bara jingine,
nne nne, zimepishana robo saa.

Naziweka moja juu ya nyingine, nazipepesa.
Nyota hazitikisiki.
Kinachohama ndicho nikitakacho:
kitone, hakifiki punje ya mtama,
kimesogea unywele kushoto,
na tena unywele,
na tena.

"Wafanyani na usiku wote huu?" mama aliuliza mlangoni.
Nafukuza jiwe, nikamwambia.
"Jiwe hufukuzwa?"

Hufukuzwa, mama. Usiku mmoja haukupi kitu ila mahali.
Siku tatu zakupa mkunjo,
na mkunjo, ukiubembeleza kwa hesabu, wakupa mzingo:
yai refu kulizunguka jua,
likitokea nyuma ya Mirihi, likikata njia yetu.
Lakini mkunjo mfupi ni shahidi mwenye kigugumizi.
Kosa la unywele leo, baada ya miaka ishirini na sita,
ni kosa la kutoka hapa hadi mwezini na kurudi.
Kwa hivyo hatuchori nukta. Twachora wingu,
jembamba, refu, na ndani yake, mahali fulani, jiwe,
na ndani yake, pia, sisi.

Moja kwa elfu nne, ikasema hesabu. Tarehe tisa Machi.
Usiku wa pili, moja kwa mia tisa.
Bwanaheri, anayetazama picha hizi hizi akiwa Lamu,
akaniandikia neno moja: Yapanda.
Naam, yapanda. Wingu lasinyaa nasi tungalimo ndani,
basi fungu letu lakua.
Ndivyo afanyavyo hata jiwe litakalotukosa:
hutisha kwanza, ndipo likapita.
Nilijua hivyo. Nimewafunza wengine hivyo.
Ilipofika moja kwa themanini na tatu
viazi karai vilipoa mbele yangu.

Juma hilo binamu yangu Shekuwe alikuja na karatasi
za kiwanja cha Mtwapa, malipo ya miaka ishirini na sita.
Awamu ya mwisho: Aprili.
Nisomee, akasema. Nikamsomea.
Faini za kuchelewa nikamweleza. Machi sikuitaja.

Kazini, feri ya Likoni yavuka, meli ya makasha yaingia.
Kwenye kioo changu mistari miwili imekatana kama mkasi.
Mgeni angepiga kelele.
Lakini njia kukutana si vyombo kukutana:
feri ilipita pale dakika sita kabla,
na meli ilipofika ikakuta maji matupu
na kunguru mmoja.

Bwanaheri ndiye aliyelipata, katika picha ya miaka kumi na moja nyuma,
iliyopigwa kwa ajili ya kitu kingine kabisa, nyota iliyokuwa ikififia:
pembeni, kitone ambacho hakuna aliyekitazama.
Mkunjo wa siku tisa ukawa mkunjo wa miaka kumi na moja.
Wingu likanywea likawa uzi, uzi ukawa sindano,
na sindano ikachoma kando. Siku hiyo, jiwe likifika njia panda,
Dunia itakuwa imeshapita, muda wa saa saba na ushee.

Sufuri.
Jina lake, herufi na tarakimu tu, likafutwa orodhani alfajiri.
Hakuna aliyepiga kigelegele. Stima ikapotea mtaa mzima.
Nikakaa gizani, jasho likinitiririka mgongoni,
na, nisamehewe, nikahisi kama niliyefiwa.

Mama akapapasa ukuta hadi mlangoni.
"Lile jiwe lako?"
Limepita, nikasema. Yaani, litapita.
"Alaa. Na sisi?"
Nikatafuta kiberiti.