Neno Baada ya Kikombe

Nimechora mwili ubaoni kwa chaki nyeupe.
Kidato cha pili, saa saba mchana, Makorora,
jasho limegandisha mashati migongoni.
Mtaala unasema: dawa za kulevya, aina na athari.
Vipindi viwili.

Nikaanza na ini, maana ini ni rahisi.
Gongo hulikausha, nikasema, kama ngozi iliyowambwa juani,
na kichwani nikamwona fundi Sebarua wa baiskeli,
tumbo limejaa maji, macho ya binzari.
Sikumtaja.

Mirungi walinifundisha wao:
hukesha na utingo wa lori mpaka Horohoro,
moyo unakimbia na mwenyewe amekaa,
njaa inapotea njia,
na usingizi ukirudi unarudi na riba.
Bangi, akasema Kibibi, mjomba wake akivuta hucheka na ukuta.
Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka.
Kisha nikasema kuna siku ukuta hujibu,
na kwa wengine haunyamazi tena.

Unga niliuacha mwisho.
Chaki ikakatika.

Nikachora jicho. Mboni nikaifanya nukta,
ndogo kuliko punje ya ulezi,
kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyomjua kaka yangu
kabla vijiko havijaanza kupungua jikoni,
kabla ya mama kulala na pochi ndani ya foronya:
alikaa kufuturu, akainua uso kwenye taa,
na mbonini mwake hamkuwa na nafasi ya mtu.

Mwili, nikawaambia, una mlango wake wa faraja,
umejijengea wenyewe.
Unga hubisha hodi hapo, hukaribishwa,
halafu hubadilisha kitasa.
Ukizidi, pumzi husahau zamu yake;
wanaokufa hufa kimya, midomo rangi ya zambarau.
Ukikosekana, mwili unadai:
miayo, kamasi, vinyweleo wima kama kuku aliyenyonyolewa,
mifupa inauma kwa ndani, pale ambapo mkono haufiki kukanda.
Mtaani wanaita arosto.
Nimelisikia neno hilo usiku kucha
likigonga mlango wa bati kwa kichwa.

Mbaruku, wa dawati la nyuma, hakunyoosha mkono:
"Kama inauma hivyo, mwalimu, walianzaje?"

Kitabu hakina jibu hilo.
Nikasema kweli: mara ya kwanza haiumi.
Kaka alinieleza ni kama kufunikwa kanga
iliyotoka kupigwa pasi, ingali na moto.
Mara ya kwanza tu.
Miaka tisa iliyofuata alikuwa akiitafuta kanga ile.

Kengele ikalia. Nikafuta moyo, nikafuta ini.
Jicho lilikataa kufutika vizuri.

Asubuhi, kabla ya shule, napitia Bombo.
Foleni imenyooka, watu wamechana nywele
kama wanaokwenda kupigwa picha ya kitambulisho.
Dirishani kuna kikombe kidogo cha methadoni.
Wanakunywa, na muuguzi hamwachii mtu aondoke
mpaka aseme neno, lolote,
ahakikishe kimemezwa.
Wengi husema asante.
Mmoja hutangaza matokeo ya Coastal, hata wakifungwa.

Na yule ambaye mtaa mzima ulimwita Kijiti
hufuta mdomo kwa kiganja,
hutazama ndani ya kikombe, kisha hutamka
polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma,
jina alilopewa na mama:
Mhina Semdoe.