Kesi ya Taa Isiyowaka

Shtaka la kwanza: kupita taa nyekundu
pale City Stadium, saa moja na dakika kumi asubuhi.
Shtaka la pili: kumzuia afisa kufanya kazi yake.
Karani alisoma mbio, kama mtu anayehesabu chenji,
kisha akauliza, Mumbua Kilonzi, ni kweli au si kweli?

Mbele yangu watu kumi na wanane walisema kweli.
Kweli, mheshimiwa. Kweli. Faini, risiti, mlango.
Hapa Makadara kweli ni njia ya mkato,
ukiishika unarudi kazini kabla ya saa sita.
Nami nilikuwa na trei arobaini za mayai ndani ya Probox,
zinachemka juani katika yadi ya kituo,
na bado mdomo wangu ukasema: si kweli.

Acha nieleze.
Taa ile ilikufa tangu Pasaka.
Haikuwa nyekundu, haikuwa kijani, haikuwa lolote,
macho matatu ya kipofu juu ya mlingoti,
na katika jicho la chini ndege alikuwa amejenga.
Tulivuka kwa kutazamana usoni.

Afisa hakuuliza leseni. Alifungua mlango wa abiria
akaketi, kama shemeji,
akaketi juu ya trei mbili nilizozitenga
za mama wa hoteli kule Burma.
Tulisikia sote wawili.
Akatulia kidogo. Akasema, "Tuongee vizuri."
Nikamwambia, basi tuongee kuhusu mayai sitini.

Hapo ndipo taa ilipokuwa nyekundu.

Nambari yake ilijificha chini ya koti la manjano.
Nilipoiuliza alicheka, akaandika karatasi yake
huku ute ukimteremka mguuni hadi kwenye buti.

Wakili Khavere, ghorofa ya tatu, River Road,
juu ya fundi wa redio, hakunificha:
"Faini ni ndogo. Kesi itakula mara tano yake.
Unataka haki, ama unataka pesa zako?"
Sikuwa na jibu la maana.
Nikasema nataka iandikwe mahali,
kwa wino wa serikali, kwamba taa haikuwaka.

Kwenye ofisi ya malalamiko fomu ina nakala tatu.
Jina la afisa? Sijui. Nambari? Aliifunika.
Mama, lalamiko lisilo na mtu ni kama barua bila stempu.
Rudi Alhamisi.
Alhamisi kitabu cha matukio kilikuwa kimejaa,
kipya hakijafika, cha zamani kimefungiwa,
na mwenye ufunguo yuko likizo Kapenguria.

Kesi ikatajwa. Ikatajwa tena.
Shahidi wa serikali ana homa. Shahidi ana mafunzo.
Mara ya nne alikuja Ong'ondo, shahidi wangu mimi,
muuza vifuniko vya simu pale kona,
kavaa koti la kuazima, mikono mirefu kuliko yake.
Alikuwa na picha: ndege yule ndani ya taa,
makinda mawili yameachama midomo,
na tarehe chini, siku ileile.

Hakimu aliitazama simu muda mrefu.
Akauliza, "Huyu ni ndege gani?"
Mwendesha mashtaka hakujua. Khavere hakujua.
Ong'ondo akasema, "Ni jirani, mheshimiwa."
Watu wakacheka, hakimu akaandika kitu.
Sijui aliandika nini.
Tumepewa tarehe kumi na nne, Novemba.

Wiki iliyopita walikuja na ngazi wakatengeneza taa.
Kiota nilikikuta kwenye mtaro, kikavu, kitupu.

Leo nilifika pale saa kumi na moja alfajiri.
Barabara nyeupe, hakuna mtu, hakuna koti la manjano.
Nyekundu.
Nikasimama.
Sekunde tisini, zikihesabiwa kinyumenyume,
na mayai kimya nyuma yangu.