Kofia ya Sufu

Walikaa wazee kumi na wawili, Lulash, nawe hukuwamo.
Ulikuwa ng'ambo ya mto unakata nyasi za baridi,
nami nilisikia mundu wako, au nilijidai nasikia,
wakati ami Pashk akinikabidhi mkasi wa kondoo:
kata mwenyewe, asije mtu kusema ulilazimishwa.

Nikakata.
Msuko wa kwanza ulianguka upesi.
Wa pili uligoma, mkasi ulikuwa butu,
na huo ndio ulioushika siku ile kwenye kinu cha maji
ukasema unanuka moshi na maziwa.

Baba alikuwa kaburini, kaka zangu wawili ubavuni pake,
mama na wadogo zangu wa kike ndani ya nyumba
isiyo na mwanamume wa kuitikia hodi.
Hiyo ndiyo sababu niliyowapa watu.
Ni ya kweli. Si yote.

Nilimwona mama, maisha yake yote, akila amesimama.
Nilimwona shangazi Drane na kuni mgongoni
huku anafuma soksi, mikono isikae bure njiani,
na mumewe mbele juu ya nyumbu, anapiga mluzi.
Nilikupenda hadi meno yakaniuma.
Lakini hata kwako ningeletwa juu ya farasi, uso umefunikwa,
ningeolewa. Lisikilize neno lenyewe, Lulash,
lilivyolala chali likingoja kutendwa.

Nikaapa. Wakanivika kofia nyeupe ya sufu,
wakanipa bunduki ya baba na mfuko wa tumbaku,
na jina langu, Mrika, wakaligeuza kama soksi:
Mark.

Usiniulize kama nilijuta. Niulize nilikwenda wapi.
Nilikwenda Shkodra peke yangu, usiku, kuuza jibini,
nikarudi na pesa zangu mfukoni mwangu.
Nililala nilipochoka. Nilitukana. Nilinunua shamba la mteremkoni,
bovu, lakini langu.
Nilikaa juu ya mwamba nikala tufaha zima.
Nani kati ya wake zenu amewahi kula tufaha zima?

Ukaoa.
Nilifyatua risasi tatu harusini kwako; ya tatu ilikwenda kombo.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna mzee aliyenitahadharisha:
miaka arobaini tumekaa goti kwa goti kwenye moto wa wanaume,
tukibishania bei ya ng'ombe, ukinijazia raki,
ukiniambia usiyowahi kumwambia Gjelina,
na Gjelina mwenyewe kasimama mlangoni na birika la kahawa,
macho chini.
Ningekuwa mimi yule.
Ningekuwa nawe kitandani, na nisingekujua.
Mshika mbili, wasema watu, moja humponyoka.
Mimi nilishika moja tu,
na ile niliyoiachia ikaja ikakaa kando yangu,
ikaniomba kiberiti.

Arjeta wa mdogo wangu amekuja kutoka Milano kwa mazishi yako.
Nywele zake buluu. Ana mchumba, ana gari, funguo zinamlialia mkononi.
Jana aliniuliza: mjomba, ungezaliwa leo ungechagua kipi?
Nikamwambia, leo nisingeulizwa.
Akacheka. Nikawasha sigara nyingine.

Na sasa umelala ubaoni, wamekunyoa vibaya.
Wanawake wako ndani na kilio chao.
Sisi wanaume tumejipanga uani, tupige vifua tukuite,
kama desturi inavyotutaka.
Nina haki ya kulia kwa sauti, Lulash. Niliilipia.
Hakuna atakayejua kilio changu ni cha nani.

Wote wamenigeukia.
Mimi ndiye mkubwa aliyebaki,
mimi ndiye wa kuanza.