Chumba Namba Nne, Catterick

Jumatatu hapa ni siku ya mapipa.
Lori hupita alfajiri, linayainua, linayabwaga,
na Jumatatu ya juzi nilijikuta chini ya meza ya jikoni
nimemlalia Mkawasi, binti yangu wa miaka sita,
kiganja changu kikimfunika kisogo,
uji wake ukichuruzika ukingoni.
Hakulia. Aliuliza tu:
Baba, nani anatutafuta?

Ndiyo maana nimekuja, Sista Prytherch. Si ushujaa.
Nimepitia kwa daktari wa meno, shavu nimelishika,
wenzangu wadhani ni jino.

Unanikaribisha chai. Nakataa.
Unadhani ni adabu.

Umenipa karatasi ya maswali tisa.
Katika majuma mawili yaliyopita, ni mara ngapi.
Sifuri ni hapana kabisa, tatu ni karibu kila siku.
Nimejaza sifuri, sifuri, sifuri, moja
(hiyo moja nimeitia usije ukanishuku).
Whitlock alijaza sifuri tupu, juu hadi chini.
Wakampongeza, wakampa utepe wa pili mkononi.
Mwezi Machi mama yake alirudishiwa buti zake,
zimeng'arishwa.

Unanitazama. Huandiki.
Dirishani kondoo wanakula majani kando ya uwanja wa shabaha,
risasi zinalia, hawainui hata vichwa.
Nawaonea wivu kondoo. Andika hilo.

Badala yake unauliza: unaota kwa lugha gani?

Vita vyangu vyote vilikuwa kwa Kiingereza.
Amri kwa Kiingereza, redio kwa Kiingereza,
hata yule kijana mlangoni, mkononi ameshika kitu,
nilimfokea asimame kwa Kiingereza,
lugha asiyoijua yeye
wala mama yangu mimi.

Kwa Kiswahili bado sijaua mtu.
Kwa Kiswahili mimi ni Mwakio wa Wundanyi,
niliyefeli hesabu mara mbili,
niliyemposa Wawuda kwa barua yenye makosa ya tahajia.
Nyumbani tunazungumza bei ya gesi, viatu vya mtoto,
na mimi nasimama zamu mpakani, kila usiku,
neno lisipenye.
Likipenya moja tu, nitakuwa nimemuua tena yule kijana,
safari hii jikoni kwetu.

Sasa nijibu na wewe.
Septemba kikosi kinaondoka.
Mnanitibu nipone,
au mnanitibu nirudi?
Najua, shati hufuliwa livaliwe.
Lakini shati haliulizwi limelalaje.

Unanyamaza kitambo. Sijui, unasema.
Mshahara wangu unatoka mfuko uleule unaotoa wako.
Sijawahi kujibiwa ukweli na mtu mwenye faili.
Unafunga kalamu, inalia tik,
mwili wangu unaruka. Umeona.
Hujifanyi hujaona.

Niambie kwa lugha yako, basi.
Sitaelewa hata neno. Nitasikiliza.

Kulikuwa na mlango wa buluu.
Kulikuwa na kijana, labda miaka kumi na mitano,
mguuni kandambili moja,
ya pili sijui ilikuwa wapi, nimeitafuta usiku baada ya usiku.
Kiswahili changu kinababaika, hakijazoea kazi hii,
kinajikwaa kwenye ngeli kama mgeni.
Na alichokishika, kile nilichokiona mimi kuwa kingine,
jina lake limenikwama kooni kama mwiba wa samaki,
nalisukuma, linarudi,
nalisukuma.
Birika.
Alikuwa na birika, sista. Birika tu.

Huelewi. Macho yako yamelowa na huelewi.
Kisha polepole, kwa ulimi wako wa Wales,
unaliokota lile neno nililolirudia,
unalitamka vibaya, mkazo umeuweka mwanzoni.

Nakusahihisha: bi-RI-ka.

Nanyoosha kidole, hakitulii,
pale kando ya vikombe vyako viwili,
linapotoa moshi.