Tabaka la Kumi na Tatu

Kanisani kwetu sisi Marafiki ukuta ni mweupe,
hauna msalaba wala mtakatifu,
ni chokaa na kimya.
Picha tulikuwa nayo nyumbani tu:
Karamu ya Mwisho, imefumwa kwa nyuzi za kung'aa,
zawadi ya harusi kutoka soko la Kibuye,
miaka ishirini na sita juu ya kochi
ikila moshi wa koroboi
na vumbi la unga ninalorudi nalo jioni kutoka kinuni.

Kageha akaitazama siku moja, akacheka.
"Baba, watu hawa hawajawahi kula mrenda."

Akaketi na kishikwambi chake chenye ufa,
na kalamu isiyo na wino,
akaianza upya.
Meza akaitoa kwa Mama Vugutsa, ile ya nyanya
pale njia panda ya Chavakali, mguu mmoja umefungwa mpira.
Petro akampa mikono ya Kidiavai mchoma mahindi,
vidole vilivyozoeana na makaa.
Yohana ni kijana wa mwalimu Mudeizi,
anasinzia vilevile.
Tomaso ni fundi wa stima, hajaiweka testa chini hata mezani.
Ugali wa wimbi, kuku mmoja kwa watu kumi na watatu,
na firigisi iko mbele ya Yesu, kama ipasavyo.
Yesu mwenyewe simjui.
Ana uso wa mtu aliyewahi kunilipia dukani
nikasahau kumuuliza jina.

Kisha akanionyesha siri ya kazi.
Kila mtu amelala kwenye tabaka lake
kama leso ndani ya sanduku,
na pembeni pana jicho dogo.
Gusa jicho, Petro hayupo.
Gusa tena, huyo karudi na majivu yake.
Nikacheza hivyo, mzee mzima,
kama mtoto aliyeona swichi ya taa mara ya kwanza,
hadi nikafika la kumi na tatu.
Jicho limefumba.

"Huyu nani?"
"Yuda."
"Mbona umemficha?"
"Nilikuwa nangoja ruhusa."

Nikaligusa.

Amugune.
Ndugu yangu Amugune, aliyeuza shamba la baba upande wa mtoni
wiki niliyolazwa Kaimosi,
akapokea pesa akiwa amesimama.
Nikasema, uso huu umeutoa wapi?
Picha yake ilikuwa moja tu, nami niliikwangua kwa msumari,
nikaacha kola na tai.
"Kola na tai nimezitumia," akajibu.
"Uso ni wako. Shangazi alisema mlifanana."

Kinu huvuma masikioni mwangu hata nikilala.
Usiku ule kilinyamaza.
Nikajitazama: mkono mmoja umebana mfuko,
mwingine unaelekea sahani moja na mkono wa Yesu,
tonge limebonyezwa kwa kidole gumba
jinsi mama alivyotufundisha sote wawili
siku moja, jikoni, mvua ikinyesha.

Nikamwambia, fumba. Akafumba.
Lakini kivuli kilibaki juu ya meza.
Kivuli, alisema, alikichora pamoja na mbao,
hakitoki bila meza kutoka;
na mwanga uliowaangukia wengine
ulilizunguka pengo lile
kama maji yanavyozunguka jiwe unalolijua lilipo
hata mto ukijaa.

Alisema kesho ataituma Kisumu ikachapwe kwenye turubai.
Alisema akitaka atamweka mtu mwingine, yeyote,
hata dalali wa ng'ombe wa Mudete, hakuna atakayejua.
Kwenye ukuta wale wa zamani waliendelea kula
mikate yao midogo isiyoisha.

Chaji ilikuwa asilimia nne.
Nikalifungua jicho kwa kidole changu chenye unga,
likaacha alama nyeupe kwenye kioo.
Tukamtazama, mimi na binti yangu, bila haraka.

"Mrenda hujampa," nikasema.
"Amugune hali ugali mkavu."