Hamira

Bondo, mwoka mikate wa Kutaisi,
miaka arobaini kaamka saa tisa usiku
kukanda, kufunika, kungoja unga uumuke.
Sasa kitanda cha nne, siku ya kumi na moja,
anayeumuka ni yeye:
homa juu, chini, juu tena,
na dawa zetu zote ni kumpigia mbuzi gitaa.

Lia wa maabara akapiga simu:
"Eteri, chupa ya damu imeota kitu.
Si bakteria. Ni hamira."
Nikacheka, Mungu anisamehe.
Kumbe si ile ya dukani,
ni binamu yake asiye na haya,
mpangaji wa ngozi zetu sote,
mtulivu, halipi kodi,
mpaka apate mlango.

Mlango tulimtoboa sisi.
Mrija chini ya mtulinga, mwembamba kama tambi,
uliomlisha, uliomwokoa wiki ya kwanza.
Bandeji niliibadilisha mimi, Jumapili.
Nilinawa?
Nilinawa.
Halafu simu ya wadi ililia, nikaipokea,
halafu sikumbuki.

Tuliuchomoa jioni. Ulitoka bila kelele,
msafi machoni, kama mwongo mzuri.
Dawa mpya ikaanza kudondoka mkono wa pili,
na daktari wa macho akaja na tochi yake.

Bondo akauliza ni nini. Nikamwambia.
Alikaa kimya, akinusa hewa
kama mtu aliyesahau kitu tanuruni.
"Hamira haina kosa," akasema.
"Huenda penye joto na sukari.
Sisi huwa tunauliza
nani aliacha bakuli wazi."