Bwana Shuka Hajatua

Soko la Kenya, kati ya chaja za simu
na viatu vya mguu mmoja mmoja, nimemkuta:
Bwana Shuka, vipindi vyote ishirini na sita,
vimesafishwa, vimo kwenye diski nne, kasha linang'aa.
Jina lake halisi limeandikwa kwa herufi za dhahabu.
Sikulisoma. Sisi wa Katuba tulishambatiza.

Shuka, kwa sababu ya lile vazi la mgongoni
lililopepea hata ndani ya chumba kisicho na dirisha.
Mama alilitazama mara moja tu, akauliza:
"Na huyu, nani anamfulia?"

Kaseti yetu ilikuwa moja. Baba Musonda aliileta
kutoka Kitwe, pamoja na madumu ya mafuta,
na kwa kuwa mashine nayo ilikuwa ya Baba Musonda
tulimwoshea vikombe kabla ya kukaa.
Lugha ya Shuka hatukuijua.
Numbi, mdogo wangu, miaka saba, meno mawili pungufu,
ndiye aliyetafsiri:
"Anasema leo hakuna mshahara."
"Anasema hata mwezi ujao."
Adui akacheka, kipara, glavu nyeusi,
na Numbi: "Huyu ni mhasibu wa kampuni."
Watu wazima waliosimama mlangoni walicheka kutushinda.
Baba hakucheka. Miezi tisa bila malipo,
na bado aliamka kwa king'ora cha kiwanda
akapanga kofia yake ngumu mezani, kama sahani.

Mstari mweupe ulipanda na kushuka kwenye kioo.
Mvua ya kaseti, tuliuita. Tulijua
ukifika kifuani mwa Shuka, ngumi inafuata.

Kisha mwisho.
Mnara unawaka. Shuka kaporwa nguvu zake,
anaanguka, ghorofa hata ghorofa,
vazi limempanda usoni, miguu inatafuta
chochote,
chwaa!
chengachenga, mkoromo,
na shangazi Kilufya ndani ya gauni la arusi
anakata keki kwa kisu cha jikoni.

Siku ile Baba Musonda alikosa kaseti tupu.
Hatukumsamehe. Shangazi naye hatukumsamehe,
ingawa pilau yake tulikula.

Basi miaka yote Shuka aliangukia arusini.
Tulimtafuta: chini ya meza, nyuma ya ngoma,
katikati ya kreti za bia na akina mama wa kwaya.
Numbi akagusa kioo kwa kidole chenye mafuta:
"Yule. Wa nyuma kabisa, mwenye koti la kuazima,
ana sahani magotini na hali.
Amejificha. Ndiye."
Alikuwa Baba.
Hakuna aliyemsahihisha.

Leo nimeketi na diski ya nne.
Anga ni samawati tupu, haina mvua.
Sasa naona alivyochorwa: jengo lilelile
linapita nyuma yake mara tatu anapoanguka,
dirisha lilelile, paka yuleyule dirishani.
Halafu anatua. Sekunde nane.
Wavu wa mwanga, mzaha mmoja, watu wanapiga makofi.
Adui hata kofia haikumdondoka.
Nilirudisha nyuma. Akatua tena.
Nilikasirika kama mtu aliyerudishiwa deni
kwa noti zilizokwisha kufutwa.

Umeme ukakatika, wa Katuba haukawii.
Gizani simu ikalia: Numbi, kutoka Kolwezi,
sauti juu ya ngurumo za lori lake,
na wanawe wanne wakipigana nyuma yake kiti cha dirishani.
"Yaya, nasikia umempata. Niambie basi,
alitua?"

Nilishika kasha, nikalifunga kwa kidole gumba.
"Nani kakudanganya?" nikamwambia.
"Bado yuko kwa shangazi, nyuma kabisa.
Sahani iko magotini.
Hajaigusa."